Kipima oksijeni cha kidoleni, nimekaa nacho mwaka na nusu hapa Kisumu

Mamangu ana miaka 68, ana pumu, na mapafu yake yamekula moshi wa kuni tangu akiwa msichana mdogo kule Nyakach. Kwa hivyo kwetu "umepumua aje usiku" ndio salamu ya asubuhi. Shida ni kwamba Mama ni wale watu wa zamani, hata kifua kikimbana atakwambia mimi niko sawa, enda kazi. Ndio nikaanza kutafuta kale kamashine kenye huwa wanabana kidoleni hospitali. Nimenunua mbili. Moja ilikuwa hasara tupu na nyingine iko hapa mezani saa hii naandika.

Ile ya kwanza nilinunua sh 900 kwa mtu anauza chaja na kava za simu karibu na stage. Akaniambia madam hii ni orijino. Nikaweka kidole ikasoma 98, yaani asilimia ya oksijeni kwa damu, kufika nyumbani Mama naye 98, kijana wangu ametoka kucheza mpira anahema 98, nikaona kumbe sisi wote tuko poa. Wiki ya tatu Mama akazidiwa nikampeleka kliniki, nesi akaweka yao kwa kidole ikasoma 89. Nikatoa yetu kwa mkoba nikaweka kidole cha pembeni, bado 98. Nesi akaniangalia tu. Kile kitu kilinikata roho ni kukumbuka siku mbili kabla ya hapo Mama alikuwa ananiambia anasikia amechoka sana, na mimi namwonyesha ile namba namwambia Mama si unaona hakuna shida. Nilimbishia mamangu kwa sababu ya takataka ya sh 900. Hiyo bado inaniuma.

Ya pili nilienda kemisti ya maana katikati ya mji nikalipa sh 3,800. Nilimuuliza dada wa pale kama imesajiliwa na Pharmacy and Poisons Board, ile bodi ya serikali ya dawa, hakukasirika, akanionyesha karatasi zake, akaniwachia nijaribu kabla sijalipa na akaniandikia risiti. Tofauti niliiona hapo hapo dukani. Hii haionyeshi namba peke yake, iko na kimstari kinapanda na kushuka na mapigo ya moyo, na kile kimstari kikiwa kinarukaruka ovyo ujue hata namba usiiamini. Ukisogeza mkono inapotea, ukitulia inarudi. Ile ya kwanza ungeweza kucheza ohangla nayo na 98 haitoki.

Nilitaka kujua inafanya aje kazi bila kudunga mtu, nikasoma kiasi, na kusema ukweli nimeipenda zaidi. Ndani kuna taa mbili, moja nyekundu na nyingine infraredi yenye jicho haioni, zinapita kwa kidole upande wa pili kuna kitu kinapokea. Damu yenye imebeba oksijeni na ile haijabeba zinameza hizo taa tofauti, kwa hivyo mashine inalinganisha. Lakini kidole kiko na ngozi, nyama, mfupa, damu ya mishipa ya kurudi, vyote vinameza taa, utajuaje ni gani ya ateri, ule mshipa unaoleta damu kutoka kwa moyo? Hapo ndipo anaingia Takuo Aoyagi, injinia Mjapani wa kampuni ya Nihon Kohden, mwaka wa 1974. Alikuwa anapima kitu kingine kabisa, kiasi cha damu moyo unasukuma, na mapigo yalikuwa yanamharibia vipimo. Akatafuta njia ya kuyafuta kwa kutumia taa mbili, akagundua oksijeni ikibadilika yale mapigo hayafutiki, na akaelewa kwamba ile kelele aliyokuwa anapigana nayo ndiyo iko na jibu, kwa sababu kitu pekee kinapigapiga ndani ya kidole ni damu ya ateri. Kabla ya hapo mtu akitaka namba ya uhakika ilikuwa ni kudungwa ateri damu iende maabara. Aoyagi alikufa Aprili 2020, wakati dunia nzima ilikuwa inakimbilia hii kitu juu ya korona. Leo hata ile orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji inauliza kama hii mashine iko kwa mgonjwa na inafanya kazi kabla hajalazwa usingizi.

Sasa nikuje kwa kitu ningependa kila kemisti iwe inaambia watu, na mimi hakuna aliniambia. Hizi mashine zinaweza kukosea kwa ngozi nyeusi, na zinakosea upande mbaya, zinasoma juu kuliko ukweli. Mwisho wa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani walilinganisha namba ya kidoleni na ya damu ya ateri kwa wagonjwa wa hospitali. Kwa wale mashine ilisoma kati ya 92 na 96, asilimia 11.7 ya watu weusi walikuwa kwa ukweli chini ya 88, wazungu walikuwa asilimia 3.6. Yaani karibu mara tatu. Na mwongozo wa 2013 wa FDA, wale wanasimamia dawa na vifaa vya hospitali Marekani, ulikuwa unataka mashine ijaribiwe kwa watu angalau 10, na weusi wakiwa 2 tu wanatosha, ama asilimia 15 kama kundi ni kubwa. Mnaona? Kitu inauzwa Kisumu, Kakamega, Busia kwa watu weusi wote, na pengine ilipimwa kwa weusi wawili. Januari 2025 FDA walitoa rasimu ya mwongozo mpya wa kutaka watu wengi zaidi na ngozi za kila rangi, vizuri, lakini nyingi zenye ziko madukani ni za zamani. Wao wenyewe wanasema ukisoma 90 ukweli unaweza kuwa popote kati ya 86 na 94.

Kwa hivyo mimi niliacha kuangalia namba moja. Nilinunua eksasaizi buku, asubuhi na jioni Mama anakaa kitako dakika tano, mkono unalala mezani, nasubiri namba itulie kama dakika moja hivi, naandika. Baada ya mwezi nikajua kawaida ya Mama ni 94 na 95. Daktari wake akaniambia tuangalie inashuka kutoka hapo kwa kiasi gani na Mama mwenyewe anakaa aje, anaongea sentensi ikaisha ama anakatiza katikati, midomo iko rangi gani. Namba ikisema sawa na mtu haonekani sawa, peleka mtu hospitali.

Vitu vingine nimejifunza nikitumia. Rangi ya kucha inasumbua, hasa nyeusi na bluu, mimi ilikuwa inanisomea chini nikashtuka bure mpaka nikaitoa. Ukikaa nje kwa jua kali pia inachanganyikiwa, ingia ndani. Dada yangu yuko Nakuru, yake Julai asubuhi inaonyesha vistari tu, ni vidole vya baridi, anasugua mikono kwanza ndio inasoma. Na Mama akienda kumtembelea anashuka pointi moja ama mbili, Nakuru iko juu kama mita 1,850 na sisi huku ziwani tuko 1,130 hivi, hewa ya kule ni nyepesi, usiogope ila uandike uko wapi. Ya mtu mzima pia haifai kwa mtoto mchanga.

Na hii tafadhali wambie watu wa Nakuru na Molo wenye hulala na jiko la makaa ndani ya nyumba: hii mashine haioni sumu ya makaa. Ile gesi ya makaa isiyo na harufu, kaboni monoksidi, ikishika damu mahali pa oksijeni, mashine hii ya taa mbili inaona ni kama oksijeni tu, itakusomea 98 au 99 na mtu anakufa. Kichwa kikiuma na jiko liko ndani toa watu nje, usipoteze muda na kidole.

Aprili iliyopita saa kumi usiku nikasikia Mama anakohoa, nikaweka, 90. Nikangoja, nikabadilisha kidole, 89. Ningekuwa na ile ya kwanza ningerudi kulala. Jirani akatoa gari, tukafika, wakamwekea oksijeni na nebulaiza, ile mashine ya kuvuta dawa kama mvuke, na clinical officer aliyekuwa zamu kitu cha kwanza aliuliza ni "kawaida yake huwa ngapi?" Nikampa ile buku. Akaisoma yote kutoka mwanzo akiwa amesimama, akaniuliza kama anaweza kuipiga picha.

Malalamiko yangu kwa hii ya sh 3,800: haihifadhi vipimo, kile kibano kimeanza kulegea, na taa ya skrini inang'aa sana usiku. Betri ni mbili nyembamba za AAA, zinakaa kama miezi miwili kwangu, nunua nzuri, zikiisha nguvu inazimika ukiwa katikati ya kupima. Kamba yake ilikatika mwezi wa kwanza, nimeweka uzi. Mama saa hii anajipima mwenyewe, na akipata 95 ananiita nije nione.