Paka anaparua watoto: umpe mtu unayemjua ama KSPCA, kituo cha kutunza wanyama?

Kwa gharama, kumpa shangazi ama rafiki ni rahisi, ni nauli tu na chanjo ya kichaa cha mbwa kama imepitwa. KSPCA Nairobi piga simu kwanza, nafasi hujaa, na kuacha kamchango ni uungwana. Shida ya mtu wa karibu ni paka kurudi, njia anaijua, lazima afungiwe ndani wiki mbili tatu hivi, na ukimpa wa ploti ya pili umejisumbua bure. Kituoni harudi, ila habari zake ndio basi tena.

Una mtu mzima anayeishi pekee? Mpe. Huna? Kituo. Lakini kama ameshauma mtoto asitoke kwanza: jeraha lioshwe na sabuni dakika 15, hospitali, paka aangaliwe siku 10.