Equalizer APO: Ekwalaiza ya Bure kwa Wanaosikiliza Muziki wa Mtandaoni Kwenye Kompyuta

Kwa msikilizaji wa Kigoma anayechukua muziki wake mtandaoni na kuusikiliza kwa spika zilizounganishwa na kompyuta ya Windows, sijaona programu inayostahili sifa kuliko Equalizer APO, ekwalaiza, yaani kirekebishi cha uwiano wa sauti nzito, za kati na nyembamba. Haiuzwi, na hufanya kazi ndani ya mfumo wa sauti wa Windows wenyewe, kwa hiyo wimbo unaotoka Spotify na ule unaotoka kwenye kivinjari hupita katika vichujio vilevile, yaani marekebisho yanayopunguza au kuongeza sehemu fulani ya sauti. Ikishapakuliwa haihitaji intaneti, wala haiongezi matumizi ya bando.

Thamani yake huonekana hasa katika vyumba vyetu vya matofali na sakafu ya saruji. Sebule yangu hapa Mwanga, Kigoma, ina upana wa mita 3, na kwa kuwa sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, mawimbi ya karibu hezi 57 (mitetemo 57 kwa sekunde) hugonga kuta mbili zinazotazamana, hurudiana na kuvimba. Noti ya A kwenye uzi wa tatu wa gitaa la besi ina hezi 55. Ndiyo maana rumba ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, ilikuwa ikivuma kwa noti hiyo na kuzimeza nyingine. Kichujio kimoja chembamba, kilichopunguza desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) mahali hapo tu, kimeirudisha besi kwenye nafasi yake, na sasa kila noti inasikika peke yake. Nimefurahi mno.

Kuongeza sauti ni jambo jingine. Pale mawimbi yanapofutana, desibeli za ziada huichosha amplifaya bila faida, na popote unapoongeza, sharti ushushe kiwango cha jumla kwa kiasi hichohicho ili muziki usikwaruze.

Equalizer APO ina pia njia ya konvolusheni, yaani kuupitisha muziki katika kichujio kilichorekodiwa kama faili la sauti, nayo inadai maandalizi zaidi. Marekebisho yote huwekwa katika faili moja la WAV, linaloweza kutengenezwa kwa Room EQ Wizard, programu nyingine ya bure, baada ya chumba kupimwa kwa maikrofoni. Faili hilo lazima lilingane na kadi ya sauti (kifaa cha kompyuta kinachotoa sauti): la sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde halifai ikiwa Windows imewekwa 48,000. Tena, kichujio cha sampuli 65,536 kilichotengenezwa kwa fezi mnyoofu, yaani kinachochelewesha sauti zote nzito na nyembamba kwa muda uleule, huchelewesha sauti kwa takribani sekunde 0.7, kwa muziki haidhuru, lakini kwenye video midomo hutangulia maneno. Asiye na maikrofoni, kwa maoni yangu, abaki na ekwalaiza ya kawaida.

Kasoro kubwa ya Equalizer APO ni kwamba programu ya muziki ikiimiliki kadi ya sauti peke yake, vichujio vyote hurukwa. Mipangilio nayo huandikwa katika faili la maandishi. Anayependa vitelezi na vitufe aongeze Peace, programu ya kuiendesha Equalizer APO kwa kubofya, ambayo pia ni ya bure.