Nilienda kununua muhuri: uzoefu wangu na wakili wa kwanza

Nashona sare za shule Manzese, Dar es Salaam. Nina cherehani tano na mafundi watatu, ila ikifika Januari tunakuwa saba na hatulali. Miaka sita yote wakili kwangu alikuwa mtu wa kugonga muhuri tu. Unapeleka karatasi, unatoa elfu kumi, anagonga, unaondoka hata jina lake hulijui. Mwaka huu nilipoongeza fremu ya pili ya duka iliyopakana na yangu, upande wa mwenye nyumba ukasema mkataba wa kusainiwa serikali ya mtaa hautoshi tena, "safari hii leta wa wakili." Haya. Nikatoka kutafuta muhuri.

Mpwa wangu amesoma sheria, nikajua kazi imeisha. Akacheka. "Shangazi, mimi mwanasheria, siyo wakili." Kumbe ukimaliza digrii ya sheria wewe ni mwanasheria, lakini uwakili ni mpaka upite Shule ya Sheria kwa Vitendo, uapishwe, halafu kila mwaka uhuishe leseni yako. Akanifungulia e-Wakili kwenye simu, mfumo wa Mahakama ambao unaandika jina la mtu unaona kama ni wakili kweli na kama leseni yake iko hai. Tukaweka majina matatu niliyopewa na watu mtaani. Mawili yakaja. La tatu halikuja, tukageuza herufi huku na huku, wapi. Na huyo ndiye aliyekuwa na bei ya chini kuliko wote, tena na bango kubwa barabarani. Vishoka wana mabango mazuri.

Nikachagua mmoja wa wale wawili, mwanamke, ofisi iko mjini ghorofa ya tatu. Niliambiwa bei kwenye simu kabla sijatoka nyumbani: kikao cha kwanza elfu hamsini. Nikapanda mwendokasi, saa nne kamili niko mlangoni, na saa tano kasoro bado niko kwenye benchi. Karani anachezea simu, samahani hakuna. Kama una mteja anakusubiri dukani, jipange.

Ila nilipoingia, hiyo elfu hamsini niliisahau. Nikamwekea mezani mkataba wa dalali, zile karatasi mbili zilizotolewa kopi ya kopi mpaka herufi zimekuwa kijivu.

"Wakili, mimi nataka unigongee tu."

Muhuri hakuugusa. Akachukua penseli.

"Huyu aliyesaini hapa kwa mpangishaji ni nani?"

"Mwenye nyumba."

"Jina lililoandikwa ni la mzee. Hii saini ni ya nani?"

Nikainama kuangalia. Ilikuwa ya mwanawe, yule kijana anayekuja na bodaboda kuchukua kodi.

"Mzee yupo hai?"

"Yupo, anakaa Tanga."

"Kampa mwanawe karatasi ya kumruhusu asaini kwa niaba yake?"

"Sijui."

"Nyumba ina hati, au leseni ya makazi? Umewahi kuiona?"

"Hapana."

"Kilemba, ile hela ya kupewa fremu, ulitoa?"

"Milioni moja na nusu."

"Imeandikwa wapi?"

Nikaanza kuangalia dirishani. Mimi ninayehesabu vifungo vya mashati kimoja kimoja fundi asinipige, nilitoa milioni na nusu mkononi bila hata karatasi ya daftari. Na kama mzee angefariki, watoto wengine wangeweza kuja kuniuliza nimepangishwa na nani, nami ningewajibu nini?

Lililoniuma zaidi ni hili la muhuri wenyewe. Nilidhani muhuri wa wakili ndio unaoufanya mkataba "uwe wa serikali". Akanieleza kwamba mkataba wa pango una ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, unalipwa TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya siku 30 tangu kusaini. Usipolipa, siku mkifikishana mahakamani mkataba wako haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipe ushuru na faini yake. Kwa hiyo mikataba yangu yote ya nyuma ilikuwa imegongwa mihuri ya kila rangi isipokuwa huo unaotakiwa. Pia kuna kodi ya zuio ya pango, asilimia 10, ambayo mpangaji mwenye biashara anaikata kwenye kodi ya mwenye nyumba na kuipeleka TRA. Ugomvi wake tunaujua wote: "mimi nataka hela yangu kamili." Alichofanya wakili ni kuandika kipengele kimoja tu kwamba kiasi kilichotajwa ni kabla ya kukata zuio. Mstari mmoja. Miaka miwili nyuma mstari huo ungeniokolea laki kadhaa.

Akaniuliza pia nimesajili nini BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Nina jina la biashara. Akasema sawa, ila nijue jina la biashara na mimi ni mtu mmoja: deni la kitambaa likilala, linanifuata mpaka kwenye friji ya nyumbani. Kampuni ingenitenga na madeni yake, lakini ina ritani za kila mwaka na mahesabu ya kukaguliwa. Hakunisukuma nifungue, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini, maana angepata hela zaidi. Kuhusu lebo ninayoshonea kwenye kola, alisema kusajili jina la biashara hakumzuii mtu kuiga lebo, hiyo inataka kusajiliwa kama alama ya biashara. Inadumu miaka 7, ukihuisha ni 10, na ni ya Tanzania Bara tu. Zanzibar wana usajili wao. Hilo nimeliweka baada ya msimu.

Kuandika mkataba mpya ilikuwa laki mbili na nusu. Hapa ndipo tulipokwaruzana. Rasimu ikaja kwa Kiingereza. Kurasa saba! Mimi Kiingereza nasoma kidogo, mzee wa Tanga hakijui kabisa. Nikairudisha, karani akaniambia tafsiri ni elfu sitini nyingine. Nikampigia wakili mwenyewe, nikamwambia tangu 2021 hata sheria imetaka lugha ya mahakama iwe Kiswahili (mpwa wangu alishaninong'oneza), sasa mkataba wa fremu ya Manzese unaandikwa Kiingereza kwa ajili ya nani? Akacheka, akafuta ile elfu sitini. Mkataba wa Kiswahili ulikuja na kurasa nne. Zile tatu sijui zilikuwa za nini.

Kasoro nyingine: hasikilizi ujumbe wa sauti. Nilimtumia wa dakika tano akanijibu baada ya siku mbili, "andika." Na ulizeni mapema kama simu za ufuatiliaji zinalipiwa. Kwangu hazikulipiwa, jirani yangu kwa wakili wake analipia.

Mzee alipanda basi akaja mwenyewe, na leseni yake ya makazi kwenye bahasha ya kaki. Alivaa miwani akasoma kurasa zote nne kwa sauti ya chini, pale kwenye kilemba akarudia mara mbili, akamwangalia mwanawe. Kijana akatoka nje kupokea simu ambayo sikuisikia ikiita. Mzee akasaini, akakunja nakala yake vizuri, akaniuliza, "Binti yangu, huyo wakili wako anachukua shilingi ngapi? Nina nyumba nyingine Tandika."