Miezi minane na vidude vya kumwangalia mama huko Kibosho

Mama yangu ana miaka 78 na anaishi peke yake kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Mimi niko Arusha. Kamera aliikataa palepale: "Mnataka kuniona nikivaa?" Nikanunua vihisi mwendo vinne, viwili vya mlango na kituo chake kinachotuma taarifa kwenye simu yangu, laki nne na ushee. Havipigi picha; vile vya mwendo vinahisi tu joto la mtu anayepita. Kwenye simu naona: korido saa tisa usiku, choo, korido tena.

Mwezi wa kwanza ulikuwa kero. Cha jikoni nilikifunga karibu na jiko la kuni, kikawa kinashtushwa na moto. Halafu Jumapili moja simu ikalia: hakuna mwendo tangu alfajiri. Nikampigia jirani, akakimbia na kandambili zake, akakuta kufuli mlangoni. Mama alikuwa misa ya kwanza! Aliporudi, nusu ya kijiji walishamlilia. Alininunia wiki nzima, na sikumlaumu.

Kasoro kubwa zaidi ni programu yenyewe. Umeme ukikatika, ruta inazima na kituo kinakuwa kiziwi, lakini simu inaendelea kuonyesha alama ya kijani, kana kwamba yote ni salama. Nimelazimika kununua betri ya akiba ya ruta. Na msidanganyike, hivi havijui mtu ameanguka, vinajua kimya tu. Bila jirani mwenye ufunguo wa akiba, kimya hicho utakitazama ukiwa Arusha.

Sasa kwa nini bado ninavyo? Mwezi Juni niliona mama, ambaye huamka mara mbili usiku, ameenda chooni mara sita. Kesho yake saba. Nikampigia.

"Unalalaje, mama?"

"Salama tu, mwanangu."

Usiku wa tatu, sita tena. Jumamosi nikapanda gari, nikampeleka hospitali, akakutwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa wazee ugonjwa huo unaweza kuwachanganya akili hadi wakaanguka, na yeye asingenitamkia neno. Daktari akauliza tuligunduaje. Mama akanitangulia: "Huyu ananihesabia chooni."

Nyota tatu na nusu; nusu ya kufikia nne wameipoteza kwa kijani chao cha uongo. Kihisi cha chumbani amekitundikia khanga tangu ile Jumapili, nami nimekiacha hivyohivyo.