Dawa ya kuchovya matumbawe: minyoo wanadondoka, ila mayai je?

Haya wadau karibuni tena, leo hakuna samaki mpya wala taa mpya, leo niko na hiki kichupa hapa, dawa ya kuchovyea matumbawe ya tangi la maji ya chumvi, hii ya mafuta ya misonobari. Stika nimeibandua makusudi kwa sababu za aina hii ziko kibao na kazi yao inafanana, sitaki ionekane nampigia mtu debe.

Kwanza niwaambie ilikuwaje. Nina akropora yangu ya kijani, hili tumbawe la matawi matawi, nimeilea zaidi ya mwaka, mara ikaanza kupauka kutokea chini kwenda juu. Nikasema ni taa, nikapunguza taa, nikapima alkalini, nikapima naitreti, nikabadilisha maji, kila kipimo kiko sawa na tumbawe linazidi kwisha. Wiki tatu nahangaika na maji kumbe shida imelala juu ya tumbawe lenyewe! Siku niliyolitoa nikalimulika tochi kwa ubavu ndo nikaona vidoa vya mviringo, vyeupe vyeupe, vimejipanga kama mtu kagonga muhuri. Hizo ni alama za kuliwa. Minyoo bapa, wale wanaokula akropora tu, na ukiona alama hizo usiendelee kupima maji, chukua ndoo.

Sasa angalieni, nasogeza kamera. Hili bakuli ni jeupe makusudi, ndani kuna maji ya tangi lenyewe ili joto na chumvi visipishane, dawa nimeweka kwa kipimo cha kwenye kichupa, sio kwa macho, na saa nimeitega. Tumbawe likishaingia usiliache tu limekaa, chukua kipampu cha mpira kama hiki upulize maji kwenye kila tawi, tena kwa nguvu kidogo... haya, huyo! Mmeona? Huyo kadondoka. Alikuwa yuko pale pale mbele yetu muda wote na hakuna aliyemwona, maana mwili wake unapitisha mwanga na rangi anaipata kwenye hilo hilo tumbawe analokula, halafu akiguswa na dawa anajikunja kingo kama jani linalokaushwa na jua. Nimehesabu tisa kwenye kipande kisichozidi kidole. Kwa kazi hii ya kuwadondosha dawa naipa alama zote, na tumbawe lenyewe baada ya siku mbili lilifungua polipu, vile vimdomo vyake vidogo, vizuri tu.

Lakini mayai. Hapa ndo nataka mnisikilize, kwa sababu watu wengi wanachovya mara moja wanashangilia halafu baada ya muda wanalia upya. Geuza tumbawe, angalia kwenye kitako, pale ambapo nyama imekufa umebaki mfupa mtupu. Unaona hivi vidoti vya kahawia vyenye kung'aa kidogo, vimebanana? Ndo mayai hayo, na hii dawa haiyaui, wala iodini haiyaui, ganda haliruhusu. Nimeyachovya, nimeyaangalia kwenye lenzi baada ya hapo, yako vile vile. Dawa yake ni wembe, unakwangua, au bora zaidi unakata sehemu iliyo hai unaibandika kwenye kitako kipya na ule mfupa wa zamani unatupa kabisa, usiuonee huruma. Halafu unarudia kuchovya kila baada ya siku tano hadi saba, mimi nilienda wiki sita, ili kila kinachoanguliwa kikutwe kabla hakijataga, na kumbuka maji yakiwa ya moto zaidi yanaanguliwa haraka zaidi kwa hiyo usichelewe. Akropora zote zitoe, sio ile inayoumwa peke yake, ukiacha moja umewaachia chakula.

Maji ya bakuli yamwage, yasirudi kwenye tangi hata tone, na tumbawe lisuuze kwenye maji safi ya chumvi kwanza.

Kuna wanaotumia dawa ya wadudu wa bustani, ile yenye imidaklopridi, najua inaua kwelikweli ila kamba na kaa nao ni jamii ya hao wadudu, kikibaki kidogo kwenye tumbawe unaweza kuwapoteza, mimi hapana. Vile vidudu vya njano vyenye doti jekundu, nusu milimita tu, hivyo vinatibiwa kwa milbemisini, dawa ya minyoo ya mbwa, nayo kamba wako watoe kwanza na uongee na daktari wa mifugo. Wale konokono weupe wasio na gamba wanaokula montipora, aina nyingine ya tumbawe, utaratibu ni huu huu, wako upande wa chini na mayai yao ni meupe. Wanaofuga zoa, vile viumbe laini vya jamii ya matumbawe, vaeni glavu na miwani kabla ya kuzishika, zoa zina sumu kali, hilo sisemi kwa kutishana.

Aiptasia, ile anemone msumbufu inayojiotea tangini, usiichovye wala usiikate, kila kipande kinakuwa nyingine, tafuta kamba wale wenye mistari wanaozila. Tena hao hao kamba nawapenda kwa jambo jingine, kuna utafiti wa 2020 ulionyesha aina mojawapo inakula minyoo bapa pamoja na mayai yake, kitu ambacho hiki kichupa hakiwezi.

Kwa hiyo kichupa nakinunua tena, lakini kinakaa kwenye tangi la karantini, la kutenga matumbawe, pamoja na wembe na lenzi. Hili hapa limetoka wiki ya sita, ona ncha zake zinavyorudi kijani.