Feni ya maji ya lita 40: tathmini baada ya kiangazi kizima Dodoma

Nilinunua feni hii mwishoni mwa Septemba, wiki ambayo kuta za tofali za saruji za nyumba yetu hapa Nkuhungu zilikuwa bado zinatoa joto saa nne usiku, na watoto walikuwa wamehamishia magodoro yao sebuleni karibu na mlango. Ni kipoza hewa cha magurudumu chenye tangi la lita 40, pampu ndogo chini, na masega matatu ya karatasi ngumu, moja nyuma na mawili ubavuni, ambayo maji hutiririka juu yake huku feni ikivuta hewa kupitia humo. Bei ilikuwa shilingi 340,000, na kibandiko cha nyuma kinaonyesha wati 150. Niliitumia kila siku hadi mvua zilipoanza Desemba. Ninaandika kwa sababu mnunuzi wa kifaa hiki huelezwa mengi kuhusu rimoti na kasi za upepo, lakini haelezwi jambo litakaloamua kama fedha yake imekwenda mahali pake, yaani ukavu wa hewa ya anakoishi.

Aliyekunywa maji ya mtungi wa udongo uliowekwa kivulini tayari anaijua kazi ya mashine hii. Maji yanayopenya ukuta wa mtungi hugeuka mvuke, na yanapogeuka huchukua joto kutoka kwenye mtungi wenyewe. Kila lita moja inayoishia hewani hubeba takribani kilojuli 2,400, kiasi kinachokaribia theluthi mbili za uniti ya umeme, na ndiyo maana feni ya wati 150 inaweza kuondoa joto ambalo kwa nguvu zake pekee isingeligusa. Lakini hewa iliyokwisha kushiba maji haipokei mvuke zaidi, na hapo mashine hubaki feni ya kawaida yenye tangi zito.

Kabla ya kununua nilifanya jaribio ambalo ningependa kila mtu alifanye, maana halihitaji zaidi ya vipimajoto viwili na kipande cha kitambaa cha pamba. Kimoja nilikiacha kikavu. Ncha ya kingine niliizungushia kitambaa kilicholowa, kisha nikaviweka vyote mbele ya feni ya mezani kwa dakika kumi. Saa nane mchana kikavu kilisoma nyuzi 31 na chenye kitambaa kikasoma 20. Tofauti hiyo ya nyuzi 11 ndiyo mtaji wote wa kipoza hewa, kwa kuwa hewa inayotoka mdomoni mwake haiwezi kushuka chini ya kipimo cha kitambaa, na mashine za nyumbani hufikia sehemu tu ya safari hiyo. Yangu, masega yakiwa mapya, ilitoa hewa ya nyuzi 23 siku zenye joto la 31. Sebule nzima haikufika huko. Ilitulia kwenye 26 au 27, na kwa mtu aliyekaa kwenye mkondo wa upepo hiyo ni nafuu kubwa sana.

Hata hivyo, wiki ya kwanza nilikaribia kuirudisha dukani. Muuzaji alikuwa ameniambia, "Kaka, funga madirisha yote, ubaridi usitoke," nami nikafunga. Baada ya dakika arobaini chumba kilikuwa kama jiko ambalo sufuria ya wali imefunuliwa: mashuka yalishika unyevu, vioo vilikuwa na ukungu, na jasho halikukauka mwilini. Ushauri ule unafaa kwa kiyoyozi, ambacho hupoza na kuzungusha hewa ileile ya ndani. Hapa unaharibu kila kitu, kwa sababu hewa iliyopozwa hutoka na unyevu wake na lazima ipate njia ya kwenda nje ili hewa kavu iingie nyuma yake. Siku hizi mgongo wa mashine unaelekea dirisha lililo wazi upande wenye kivuli, na dirisha la upande wa pili linaachwa wazi kiasi cha viganja viwili. Nikitaka ubaridi ufike chumba cha watoto, ninafunga dirisha hilo la pili na kufungua la kwao, na upepo unaifuata njia hiyo wenyewe.

Kwa umeme sina lalamiko lolote. Saa nane za matumizi kwa siku ni uniti 1.2, yaani 36 kwa mwezi, na kwa nyumba isiyo na friji kubwa inawezekana kubaki ndani ya uniti 75 kwa mwezi zinazomweka mteja wa Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, kwenye bei nafuu ya D1, kundi la watumiaji wadogo. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huvuta karibu wati 1,000 kompresa yake inapofanya kazi, na kingenitoa kwenye kundi hilo kabla ya nusu ya mwezi.

Gharama halisi iko kwenye maji. Tangi langu huisha kwa saa kumi hivi wakati wa ukame mkali, kwa hiyo kila siku ninaimwagia ndoo moja na nusu ya lita 20, na siku za mgao wa maji ndoo hiyo inaonekana. Zaidi ya hapo, maji yetu mengi hutoka visima vya Mzakwe na yana chumvichumvi nyingi. Yanapogeuka mvuke chumvi hubaki, na kufikia wiki ya tatu kingo za masega zilikuwa na ukoko mweupe, mgumu kama ule wa ndani ya birika, huku hewa iliyokuwa ikitoka kwa nyuzi 23 ikipanda hadi 25. Nililoweka masega kwenye maji yenye siki kwa saa moja, nikayasugua taratibu kwa brashi laini ili karatasi isichanike, na nyuzi mbili zile zikarudi. Sasa ninamwaga maji yote yaliyobaki kila siku ya tatu badala ya kuongezea juu yake. Hilo huzuia chumvi kurundikana, na pia huondoa viluwiluwi vya mbu kabla havijapevuka, jambo lisilofaa kupuuzwa hata kidogo ndani ya nyumba yenye watoto.

Vile viboksi vya barafu vinavyokuja na mashine, vya kugandisha na kutia tangini, havina maana ya kununulia. Kilo mbili za barafu zikiyeyuka na kupata moto huchukua joto sawa na lile la chini ya nusu lita ya maji yanayogeuka mvuke, kiasi ambacho mashine hii hukimaliza kwa dakika chache, na friji imetumia umeme kuigandisha.

Mvua zilipokuja kipimajoto chenye kitambaa kilikuwa kikisoma nyuzi 22 wakati kikavu kiko 26, na chumvi ya jikoni ikaanza kushikamana. Niliacha kutia maji. Kwa kuwa mashine ilikuwa imekaa bure, nilimwambia dada yangu wa Temeke, Dar es Salaam, kwamba ningeitia kwenye basi aitumie msimu wa joto la Januari, lakini nikamwomba kwanza afanye jaribio la kitambaa. Alinipigia simu saa tisa alasiri: kikavu 32, chenye kitambaa 27. Mashine yenye masega safi ingempa hewa ya nyuzi 28 au 29 iliyojaa unyevu, ndani ya nyumba ambayo tayari nguo hazikauki vizuri. Alibaki na pangaboi lake. Yangu niliiwasha masaa mawili bila maji ili masega yakauke hadi ndani, nikaifunika kwa kanga kuukuu dhidi ya vumbi, na iko stoo ikisubiri Septemba.