Mdoli wa smilodoni: mabega wamepatia, mkia hapana

Nimemnunulia mwanangu mdoli huyu wa smilodoni, paka mkubwa wa kale mwenye chonge ndefu, wiki iliyopita kwenye duka moja la midoli karibu na soko la Majengo, elfu 18, nikaona niandike maana najua hapa Dodoma sio mimi peke yangu mwenye mtoto anayeshinda na wanyama wa kale asubuhi mpaka usiku.

Kwanza boksi limeandika eti ni chui milia. Jamani sio. Smilodoni hana undugu wa karibu na chui milia wala simba, ni tawi la paka lililokwisha lote, na yeye katoweka kama miaka 10,000 iliyopita hukohuko kwao Amerika.

Kilichonifurahisha sana ni mabega. Yani aliyetengeneza hapo aliangalia mifupa kweli, miguu ya mbele minene, kifua kipana kama dubu, na ndo alivyokuwa, anamkandamiza mnyama chini kwanza asifurukute ndo anashusha meno, maana chonge ndefu vile ukiuma ovyo mnyama akajitupa inakatika. Wale wa Amerika Kusini chonge zao zilifika sentimita 28 ukihesabu na mzizi, tulichukua rula ya shule tukahesabu, mwanangu akaiweka shavuni kwake akanyamaza kimya.

Sasa meno ya mdoli ndo yameniudhi. Wameyafanya mviringo kama penseli wakati ya kweli yalikuwa bapa kama kisu na ukingo wake una vimeno vidogovidogo vya msumeno. Siku ya pili tu moja likang'oka, nimelibandika na supaglu. Mdomo unafunguka ila kidogo mno, wa kweli aliachama karibu mara mbili ya simba wetu wa Ruaha.

Na boksi zima hakuna neno kuhusu Afrika! Mifupa ya paka wengine wa jamii hii ya chonge ndefu imepatikana Olduvai na Laetoli, hapahapa nchini, mtoto angesoma hilo angeruka.

Natoa nyota 3 kati ya 5. Kuhusu mkia, wameweka mrefu wa simba na kishungi mwishoni wakati smilodoni mkia wake ulikuwa mfupi, mwanangu hakukubali kabisa, basi jana jioni tumepasha kisu cha jikoni kwenye jiko la mkaa tukaukata, kabaki na kipande cha kidole kimoja, kalala naye.